Kadinali Aliyezitetea Nyota

Tarehe 26 Septemba mwaka 1414, mzee mmoja mwenye cheo cha ukadinali alimaliza kuandika kitabu kidogo kwa lugha ya Kilatini. Siku saba baadaye, tarehe 3 Oktoba, akamaliza kitabu cha pili. Vyote viwili vilikuwa na shabaha moja, nayo ni kuutetea unajimu, yaani elimu ya kutambua mambo ya dunia kwa mwendo wa nyota, mbele ya watu waliosema kwamba elimu hiyo ni adui wa dini. Mzee huyo hakuwa mpiga ramli wa sokoni. Alikuwa Pierre d'Ailly, aliyekuwa Askofu wa Cambrai, daktari wa elimu ya Mungu, na mmoja wa wakuu wa Kanisa waliosikilizwa sana katika nchi ya Ufaransa.

Wakati wenyewe ulikuwa wa hatari. Tarehe 5 Novemba mwaka ule ule, Mtaguso Mkuu ulikuwa ufunguliwe Konstanz, mji ulio kando ya ziwa, mahali ambapo leo Ujerumani hupakana na Uswisi. Kanisa la Magharibi lilikuwa na Mapapa watatu, na kila mmoja aliwalaani wenzake. Maaskofu walikuwa wakifunga safari kwenda kuutafutia ugonjwa huo dawa. Ni ajabu, basi, kwamba katika majuma yale yale kadinali huyu alikaa mezani akiandika juu ya Zohali na Mushtari. Lakini mwenyewe hakuona kwamba anaacha kazi moja na kushika nyingine. Kwake yeye, hesabu ya nyota na uponyaji wa Kanisa zilikuwa kazi moja.

MTU MWENYEWE

Pierre d'Ailly alizaliwa katika mji wa Compiègne, upande wa kaskazini wa Paris, karibu na mwaka 1350. Tauni kubwa ilikuwa imepita Ufaransa muda mfupi kabla ya hapo, ikaacha nyumba nyingi bila watu na mashamba bila wakulima. Mfalme alipowauliza matabibu wa Chuo Kikuu cha Paris chanzo cha maradhi hayo, walimjibu mwaka 1348 kwamba tarehe 20 Machi mwaka 1345 sayari tatu, yaani Zohali, Mushtari na Mirihi, zilikutana katika buruji ya Dalu, na kwamba makutano hayo ndiyo yaliyoiharibu hewa. Hivyo Pierre alikulia katika nchi ambayo wasomi wake hawakuona aibu kutafuta sababu za misiba huko juu mbinguni.

Alisoma katika Chuo cha Navarre mjini Paris, akapata udaktari wa elimu ya Mungu mwaka 1381. Mwaka 1384 akawa mkuu wa Chuo hicho, na mwaka 1389 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu chote cha Paris. Akafanywa Askofu wa Le Puy mwaka 1395, kisha wa Cambrai mwaka 1397, na mwaka 1411 akapewa ukadinali. Aliandika vitabu vingi juu ya dini, juu ya sheria za Kanisa na juu ya umbo la dunia. Katika ujana wake hakuonyesha mapenzi makubwa kwa unajimu. Mapenzi hayo yalizidi alipokuwa mtu mzima, na sababu yake haikuwa tamaa ya kujua bahati yake mwenyewe. Ilikuwa ni Mfarakano Mkubwa.

KANISA LENYE VICHWA VITATU

Mfarakano huo ulianza mwaka 1378. Papa Gregori XI alifariki Roma mwezi wa Machi, na mwezi wa Aprili makadinali wakamchagua Urbano VI. Kabla mwaka haujaisha, makadinali wengi walisema kwamba walimchagua kwa kuwaogopa watu wa Roma waliokuwa wakipiga kelele nje, nao wakamchagua mwingine, Klementi VII, ambaye alikwenda kukaa Avignon. Ufaransa, Uskoti na, baada ya muda, falme za Hispania zikamfuata wa Avignon. Uingereza na sehemu kubwa ya Ujerumani na Italia zikamfuata wa Roma. Mwaka 1409 makadinali wa pande zote mbili walikutana Pisa wakamchagua Papa mmoja ili awe wa wote. Wale wawili wakakataa kujiuzulu, na mahali pa Mapapa wawili wakawako watatu.

Yafaa kukumbuka maana ya jambo hilo kwa Mkristo wa kawaida. Mahali pengine maaskofu wawili waligombea kiti kimoja. Mtu alipotaka kumbatiza mtoto wake, au kumzika baba yake, hakuwa na hakika kama padre aliyemwita amewekwa na mkono wa halali. Wahubiri walikumbusha maonyo ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike, kwamba uasi hutangulia kabla ya kuja kwake yule adui wa mwisho. Wengi wakasema: huu ndio uasi wenyewe, na Mpinga Kristo yu mlangoni. Pierre d'Ailly naye, katika mahubiri yake ya miaka ya mwanzo, alikuwa miongoni mwa walioogopa hivyo.

Hofu hiyo ilikuwa na madhara yake. Ikiwa mwisho umefika na Mfarakano ni amri iliyotangulia, ya nini kuita Mtaguso? Ya nini maaskofu kusafiri majuma mengi na kubishana juu ya sheria, ikiwa hakuna awezaye kuzuia yaliyoandikwa? Hapo ndipo Pierre alipozigeukia nyota.

ELIMU ILIYOTOKA MASHARIKI

Unajimu alioutumia haukuwa ule wa kumwambia kijana atamwoa nani. Ulikuwa unajimu wa makutano makubwa, wenye kuangalia mataifa, falme na dini. Mwalimu wake mkuu alikuwa Abu Ma'shar, mzaliwa wa Balkh katika nchi iitwayo leo Afghanistan, aliyefundisha Baghdad na kufariki mwaka 886. Vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kilatini huko Hispania katika karne ya 12, vikasomwa Ulaya nzima. Jina lake si geni hata katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako walimu wa falaki wametumia vitabu vyenye jina hilo, na ambako majina ya sayari kwa Kiswahili, Zohali, Mushtari, Mirihi, Zuhura na Utaridi, ni yale yale aliyoyaandika Abu Ma'shar kwa Kiarabu.

Msingi wa hesabu hiyo ni rahisi kufahamu. Zohali huizunguka mbingu kwa muda wa miaka 30 hivi, na Mushtari kwa miaka 12 hivi. Kwa hiyo sayari hizo mbili hukutana kila baada ya miaka 20 hivi. Wanajimu waliona kwamba makutano hayo hukaa katika kundi moja la buruji tatu kwa muda wa miaka 240 hivi, kisha huhamia kundi jingine, na kwamba huyamaliza makundi yote manne kwa muda wa miaka 960 hivi. Makutano ya kila miaka 20 yalidhaniwa kuleta mabadiliko madogo, kama vile kufa kwa wafalme. Ya kuhama kundi yalidhaniwa kuleta makubwa zaidi. Na yale ya kumaliza duara zima yalidhaniwa kutangulia gharika, kuanguka kwa dola na kuzuka kwa dini mpya.

Kwamba sayari hukutana hivyo ni kweli, na kila mwenye macho aweza kushuhudia. Swali lilikuwa kama makutano hayo yana neno lolote la kusema juu ya wanadamu.

MANENO YA WAPINZANI

Waliopinga walikuwa wengi, nao hawakuwa wajinga. Kwanza walifungua Maandiko. Kumbukumbu la Torati lawakataza Waisraeli kufuata wapiga ramli na wachawi. Isaya aliwacheka watazama nyota wa Babeli walioshindwa kuuokoa mji wao. Yeremia aliwaonya watu wa Mungu wasizitetemekee ishara za mbinguni kama wafanyavyo mataifa.

Kisha walimtaja Mtakatifu Augustino, ambaye katika ujana wake aliwaamini wanajimu na baadaye akawa adui wao mkubwa. Yeye aliuliza juu ya mapacha. Esau na Yakobo walizaliwa karibu kwa pumzi moja chini ya mbingu moja, na mmoja alimshika mwenzake kisigino. Mbona basi maisha yao yalitofautiana kama usiku na mchana? Tena alitaja watoto wawili waliozaliwa saa ile ile katika nyumba moja, mmoja wa tajiri na mmoja wa mtumwa. Wa tajiri alipanda cheo, na wa mtumwa akabaki mtumwa. Nyota zilikuwa zile zile.

Hoja ya tatu ilihusu hiari. Ikiwa nyota humfanya mtu kuwa mwizi, basi mwizi hana kosa, na hakimu amfungaye humdhulumu. Na ikiwa nyota huleta dini, basi Mungu amekuwa mtumishi wa saa aliyoitengeneza mwenyewe. Kwa ajili hiyo Étienne Tempier, Askofu wa Paris, alilaani mafundisho 219 mwaka 1277, na baadhi yake yalikuwa yale yaliyoiweka nia ya mwanadamu chini ya nguvu za mbingu.

Hoja ya nne ilitoka kwa wataalamu wa hesabu. Nicole Oresme, aliyepata kuwa mkuu wa Chuo cha Navarre kabla ya Pierre na aliyefariki mwaka 1382 akiwa Askofu wa Lisieux, alionyesha kwamba yamkini sana miendo ya mbinguni haina kipimo kimoja cha pamoja. Ikiwa ni hivyo, hakuna mtu awezaye kutaja kwa hakika kamili saa ya makutano yoyote, na nyumba yote ya mnajimu imejengwa juu ya mchanga. Oresme aliandika pia kwa Kifaransa ili wakubwa wa nchi wasome, kwa kuwa aliona hatari ya mtawala kuendesha dola kwa ushauri wa watazama nyota. Heinrich von Langenstein naye, mwalimu mwingine wa Paris, aliandika mwaka 1373 kuwashambulia hasa wale wenye kutabiri kwa makutano ya sayari.

Tena palikuwa na ushuhuda wa mambo yaliyokwisha tokea. Mwaka 1186 barua zilienea Ulaya zikionya kwamba mwezi wa Septemba sayari zote zingekutana, na pepo kali zingeiharibu miji. Watu waliogopa sana. Septemba ukafika, ukapita, na miji ikabaki mahali pake.

JIBU LA KADINALI

Pierre d'Ailly alizijua hoja hizo zote, na hakuzidharau. Nguvu ya utetezi wake ni kwamba alianza kwa kuwakubalia wapinzani sehemu kubwa ya maneno yao. Alisema yako makosa matatu ambayo Mkristo hana budi kuyakataa. La kwanza ni kosa la wale wasemao kwamba mambo yote yajayo hutoka kwa nyota kwa lazima isiyoepukika. La pili ni kosa la wale wanaochanganya elimu ya nyota na uchawi, hirizi na ushirikina. La tatu ni kosa la wale wanaovuka mpaka wakadai kuijua nia huru ya mwanadamu na kazi ambazo ni za Mungu peke yake. Watu wa namna hizo tatu, kwa maneno yake, hawakuwa wataalamu wa nyota bali walikuwa aibu ya elimu hiyo.

Baada ya kuwafukuza hao, aliwageukia wale wa upande wa pili, waliotaka kuing'oa elimu yote pamoja na magugu yake. Msingi wake ulikuwa huu: kweli haigombani na kweli. Ikiwa elimu ya Mungu ni ya kweli, na ikiwa mwendo wa nyota ni wa kweli, basi hapana budi zipatane, maana zote mbili zina chimbuko moja. Kitabu cha Mwanzo chenyewe husema kwamba mianga iliwekwa mbinguni iwe ishara na kuonyesha majira. Kuitazama kazi ya Mungu, basi, si kumwacha Mungu. Pierre aliuita unajimu uliosafishwa elimu ya Mungu ipatikanayo kwa maumbile, akaupa kazi ya mtumishi mbele ya bibi yake.

Hata wapinzani hawakukataa kwamba mbingu hutenda kazi duniani. Jua huotesha mimea, na mwezi huvuta maji ya bahari. Mkulima aitazamaye Kilimia ili ajue wakati wa kushika jembe, na nahodha ashikaye njia kwa nyota usiku wa giza, hakuna padre aliyepata kuwaita waasi. Swali lilikuwa ni wapi pa kusimama. Hapo Pierre alifuata mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Tomaso alifundisha kwamba nyota zaweza kuugusa mwili, na kwa njia ya mwili zikaamsha hasira, woga au tamaa, lakini haziwezi kuilazimisha nia. Mtu mwenye hekima huzishinda tamaa zake. Ila kwa kuwa wenye hekima ni wachache na wengi hufuata tamaa, mnajimu aweza kusema kweli juu ya makundi ya watu mara nyingi kuliko juu ya mtu mmoja.

Kwa hoja hiyo Pierre alijenga daraja lake. Mtu mmoja ni huru. Taifa zima, likiongozwa na hasira na hofu, hufanana zaidi na bahari ivutwayo na mwezi. Kwa hiyo yafaa kuzitazama nyota kwa habari ya falme na zamani zake, bila kudai kujua nani atatenda nini.

Juu ya dini alikwenda kwa uangalifu zaidi. Roger Bacon, mtawa wa Uingereza wa karne ya 13, alikuwa ameandika kwamba kila dini kubwa ina makutano yake ya Mushtari na sayari nyingine. Pierre alikubali kuyajadili maneno hayo, lakini akaweka mpaka. Sheria ya Musa na Sheria ya Kristo, alisema, zilitoka kwa Mungu kupita uwezo wa maumbile, na hakuna nyota iliyozizaa. Kristo, kwa kuwa alikuwa mtu kweli, aliweza kuzaliwa na mwili wenye afya njema chini ya mbingu njema. Lakini muujiza wa kuzaliwa kwake, mafundisho yake na ufufuo wake havimo katika hesabu ya mnajimu yeyote.

HESABU ILIYOLETA TUMAINI

Hata hapo maneno yake yaweza kuonekana kuwa mabishano ya wasomi tu. Jambo lililoyatia uzito ni hesabu aliyoifanya mwaka ule ule wa 1414. Pierre alipanga makutano makubwa tangu mwanzo wa ulimwengu, kama alivyoudhania, akayalinganisha na habari za mataifa. Kisha akaangalia mbele. Aliona makutano makuu karibu na mwisho wa karne ya 17, na baada yake kutimia kwa mizunguko kumi ya Zohali katika mwaka 1789. Aliandika kwamba ikiwa ulimwengu utadumu mpaka wakati huo, jambo alijualo Mungu peke yake, basi yatatokea mabadiliko makubwa na ya ajabu, hasa katika sheria na dini. Baada ya hapo ndipo, kwa kudhani kwake, yaelekea Mpinga Kristo atakuja.

Maana ya hesabu hiyo kwa watu wa 1414 ilikuwa kubwa. Ikiwa adui wa mwisho yuko mbali kwa karne tatu na zaidi, basi Mfarakano si mwisho wa dunia. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao waweza kutibiwa. Maaskofu waendao Konstanz hawaendi kupigana na amri ya Mungu. Kadinali aliyekuwa ameogopa katika ujana wake sasa alikuwa na sababu ya kufanya kazi, na sababu hiyo aliisoma mbinguni.

Naye alifanya kazi kweli. Mwezi wa Machi mwaka 1415 Papa Yohane XXIII wa upande wa Pisa, wa kwanza kulitumia jina hilo, alitoroka Konstanz usiku ili Mtaguso uvunjike. Siku chache baadaye, tarehe 26 Machi, Pierre d'Ailly alikalia kiti cha mwenyekiti, na kikao kikatangaza kwamba Mtaguso haukuvunjika. Yohane aliondolewa mwezi wa Mei. Gregori XII wa Roma alijiuzulu mwezi wa Julai. Benedikto XIII wa Avignon aliondolewa mwaka 1417, na tarehe 11 Novemba mwaka huo Martino V akachaguliwa Papa wa wote. Mfarakano wa miaka karibu 40 ukaisha. Ila Konstanz haikuwa na utukufu mtupu. Mtaguso ule ule ulimhukumu Jan Hus wa Bohemia, akachomwa moto tarehe 6 Julai mwaka 1415, na Pierre alikuwa miongoni mwa wakuu waliomhoji.

MWANAFUNZI AMWONYA MWALIMU

Mtu aliyempinga Pierre kwa upole kupita wote alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, Jean Gerson, aliyemrithi ukuu wa Chuo Kikuu cha Paris mwaka 1395. Gerson naye alikuwako Konstanz, naye alipigania umoja wa Kanisa kwa nguvu zile zile. Mwaka 1419 aliandika kitabu juu ya unajimu kwa ajili ya mwana wa Mfalme wa Ufaransa. Hakukana kwamba mbingu ni chombo mkononi mwa Mungu. Alisema kwamba elimu hiyo ilikuwa bora hapo mwanzo, lakini imechafuliwa na majivuno na ushirikina, na kwamba mambo ambayo wanajimu hawayajui ni mengi mno kuwaruhusu kutabiri. Wazee hao wawili waliandikiana barua juu ya jambo hilo kwa heshima. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Agosti 1420, Pierre alifariki Avignon.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Vitabu vyake vilipigwa chapa Louvain katika miaka ya 1480. Nakala moja iliingia mikononi mwa Christopher Columbus, akaijaza maandishi pembezoni, nayo imehifadhiwa Sevilla. Columbus alitumia habari zake za umbo la dunia kushawishika kwamba bahari ya magharibi si pana, na mwaka 1501 alitumia hesabu zake za miaka kudai kwamba ulimwengu umebakiwa na miaka 155. Yote mawili yalikuwa makosa.

Giovanni Pico della Mirandola, msomi wa Italia aliyefariki mwaka 1494, aliacha kitabu kikubwa dhidi ya wanajimu, na ndani yake alimtaja Pierre kwa jina akafichua makosa katika hesabu zake. Mwaka 1524 sayari zilikutana katika buruji ya Hutu, yaani Samaki, na watu wengi wa Ulaya wakaambiwa wangoje gharika. Gharika haikuja. Mwaka 1586 Papa Sisto V alilaani kwa waraka unajimu wa kutabiri mambo ya watu, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yaendelea kuukataza. Sehemu moja tu ya juhudi za Pierre juu ya mbingu ilikubaliwa na wote. Alikuwa amewahimiza wakubwa wa Kanisa waisahihishe kalenda, iliyokuwa imechelewa nyuma ya jua kwa siku kadhaa, na kazi hiyo ilitimizwa mwaka 1582 na Papa Gregori XIII.

Na mwaka 1789? Mwezi wa Julai watu wa Paris waliivamia ngome ya Bastille. Tarehe 2 Novemba Baraza la Taifa likaweka mali ya Kanisa chini ya amri ya nchi. Kanisa kuu la Cambrai, ambalo Pierre alikuwa askofu wake, liliuzwa mwaka 1796 likabomolewa. Wengi waliosoma tena kitabu cha 1414 walishangaa. Lakini mtu apigaye mishale mingi gizani huenda mmoja ukapata shabaha. Miaka ya ulimwengu aliyoitumia Pierre haikuwa sahihi, kwa kuwa dunia ina umri wa mamilioni kwa maelfu ya miaka, na makutano aliyoyapanga tangu uumbaji hayakuwa na mwanzo alioudhania. Jibu sahihi lililotoka katika hesabu mbovu halifanyi hesabu kuwa nzuri.

UZITO WA UTETEZI HUO

Ukipimwa kwa haki, utetezi wa Pierre d'Ailly una sehemu iliyosimama na sehemu iliyoanguka. Iliyosimama ni ile isemayo kwamba kweli haigombani na kweli, na kwamba mwenye dini hana sababu ya kuogopa kuitazama mbingu. Maneno hayo yamewafaa Wakristo na Waislamu waliochunguza nyota kwa vipimo na kwa hesabu.

Iliyoanguka ni ile iliyotaka kuzifanya nyota ziseme juu ya watu bila kuwafunga watu. Ikiwa utabiri ukitimia husemwa kwamba nyota zilionyesha, na usipotimia husemwa kwamba hiari ya watu ilizishinda, basi hakuna siku ambayo mnajimu ataonekana amekosea. Elimu isiyoweza kukosea haiwezi pia kusahihishwa.

Liko na jambo zito zaidi. Pierre alipata moyo kwa sababu hesabu yake ilimpa mwaka 1789. Je, kama vitabu vyake vya hesabu vingempa mwaka 1420? Mtu apewaye tumaini na nyota aweza kunyang'anywa tumaini hilo na nyota zile zile, na mwisho wa Mfarakano ungeweza kucheleweshwa na kosa la tarakimu. Jean Gerson hakungoja kuambiwa na Zohali kwamba ana muda wa kutosha. Alikwenda Konstanz kwa kuwa Kanisa limegawanyika na ni wajibu wa mchungaji kuwakusanya kondoo, mwisho uwe karibu au uwe mbali. Wote wawili waliifanya kazi ile ile, na ikatimia. Walioitimiza ni watu waliokaa vikaoni miaka mitatu na nusu, wakabishana, wakaandika na kupiga kura, na hiyo ndiyo hiari ambayo kadinali mwenyewe alisema hakuna nyota iwezayo kuilazimisha.